Kuungua au Kuchomwa: Uchunguzi wa Kisayansi wa Vifo Vinavyotokana na Moto

Utangulizi

Methali isemayo kwamba moto huzaa jivu aghalabu hutumiwa pale ambapo mzazi hodari amejaliwa mwana asiyefanana naye kwa lolote. Moto una nguvu, mwanga na joto. Jivu ni baridi na hupeperushwa na upepo mdogo tu. Hata hivyo, wapo wataalamu ambao huweza kuisoma methali hii kwa namna nyingine. Kwa mpelelezi wa mikasa ya moto, na kwa daktari anayepasua maiti ili kutambua sababu ya kifo, jivu ni mwana halisi wa moto. Hubeba sura ya mzazi wake, na anayejua kuitazama sura hiyo huweza kueleza moto ulianzia wapi, ulipitia njia gani na ulimkuta marehemu katika hali gani.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi kazi hiyo inavyofanywa, mafanikio yake na makosa yake. Hoja inayotetewa ni kwamba uchunguzi wa kifo cha moto, ukitazamwa kwa jicho la mwanalugha, ni kazi ya kutafuta kitenzi sahihi. Kiswahili hutofautisha bayana kati ya kuungua na kuchomwa, kuteketea na kuteketezwa, kuwaka na kuwashwa, kulipuka na kulipuliwa. Katika kila jozi, kitenzi cha kwanza hueleza tukio bila kumdokeza mtenda. Cha pili, hata pale ambapo mtenda hakutajwa, humwekea nafasi. Anayesema kwamba bweni liliteketea ameripoti hasara. Anayesema kwamba bweni liliteketezwa amekwisha kufungua kesi, isipokuwa akiongeza "na moto" na kuubebesha moto wenyewe lawama.

Ni sayansi inayopaswa kutoa idhini ya kuvuka kutoka kitenzi cha kwanza hadi cha pili. Idhini hiyo inapotolewa kabla ya wakati wake, mtu asiye na hatia huweza kupoteza uhuru au uhai wake. Isipotafutwa kabisa, mwenye hatia hubaki huru na waliofiwa hubaki bila jibu.

Nani Aliyefariki?

Swali la kwanza humhusu marehemu mwenyewe. Moto mkali huharibu sura, nywele, ngozi na mavazi, yaani vitu vyote ambavyo jamaa hutegemea kumtambua mpendwa wao. Isitoshe, mtu aliyejaa majonzi huweza kuukubali mwili usio wa mwanawe kwa sababu tu anatamani kuwa na mwili wa kuzika. Kwa sababu hiyo, mwongozo wa shirika la kimataifa la polisi, Interpol, uliochapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1984, hauridhiki na utambuzi wa macho pekee. Njia za msingi zinazotambuliwa ni tatu: alama za vidole, meno na chembechembe za DNA. Pete, saa, funguo, makovu na chuma kilichowekwa mfupani na madaktari ni ushahidi wa kuunga mkono.

Alama za vidole huweza kunusurika kuliko inavyodhaniwa. Joto linapoikaza misuli, mikono hujikunja kuwa ngumi, na ncha za vidole zikajificha ndani ya viganja. Meno nayo ni hodari zaidi. Tabaka la nje la jino ndicho kitu kigumu kuliko vyote mwilini, na mizizi yake hukingwa na mfupa wa taya, ulimi na mashavu. Umuhimu wa meno ulidhihirika jijini Paris tarehe 4 Mei 1897, taa ya mashine ya kuonyeshea sinema ilipowasha moto katika mnada wa hisani uliojulikana kama Bazar de la Charité. Watu wapatao 126 walifariki, wengi wao wanawake. Miili iliyoshindikana kutambuliwa kwa mavazi na mapambo ilitambuliwa na madaktari wa meno waliokuwa wamewatibu marehemu. Mmojawapo wa waliotambuliwa hivyo alikuwa Dachesi wa Alençon, dadake Malkia Elisabeth wa Austria. Mwaka uliofuata, Oscar Amoëdo, daktari wa meno mzaliwa wa Kuba aliyefanya kazi Paris, alichapisha kitabu kilichoweka msingi wa taaluma ya kutambua maiti kwa meno.

Hata hivyo, njia ya meno inadai kumbukumbu. Mtu ambaye hajawahi kuketi katika kiti cha daktari wa meno hana rekodi ya kulinganishwa na taya lililookotwa jivuni. Hapo ndipo DNA inapohitajika. Baada ya moto uliozuka usiku wa tarehe 5 Septemba 2024 katika bweni la shule ya Hillside Endarasha, kaunti ya Nyeri, ambapo wavulana 21 walipoteza maisha, wazazi walitoa sampuli zao ili zilinganishwe na za miili iliyopatikana. Kwa mzazi, siku za kungoja majibu ni kama msiba wa pili. Hata hivyo, kuharakisha kazi hiyo ni kuhatarisha kumpa mtu mwana wa mwenzake.

DNA nayo ina mpaka wake, na mpaka huo husomeka katika rangi ya mfupa. Mfupa ambao haujafikiwa na moto huwa na rangi ya manjano iliyofifia. Unapoanza kuungua huwa mweusi kama mkaa, kisha kijivu, na hatimaye mweupe kama chokaa, joto linapofikia nyuzi 700 hivi za selisiasi na zaidi. Mfupa uliofikia weupe huo aghalabu hauna tena DNA ya kutumainiwa. Hivyo basi, mtaalamu hutafuta sehemu zilizokingwa na nyama nyingi, kama vile mfupa wa paja, au kiini cha jino. Ifahamike pia kwamba moto wa nyumba ya kawaida ni nadra kuumaliza mwili wa mtu mzima. Hata tanuri la kuchomea maiti, ambalo hufanya kazi kwa muda wa saa moja hadi mbili katika joto kali, huacha mifupa. Muuaji anayeamini kwamba moto utamfutia kila kitu hujidanganya.

Ugumu wa utambuzi hutegemea pia mahali pa mkasa. Bweni lina daftari la majina, na idadi ya waliokuwamo hujulikana. Barabarani hakuna daftari. Tarehe 31 Januari 2009, lori la mafuta lililopinduka Sachangwan, karibu na Molo, lililipuka huku umati ukichota petroli. Zaidi ya watu 100 walifariki. Tarehe 10 Agosti 2019, mkasa wa namna hiyo hiyo uliwaua zaidi ya watu 100 mjini Morogoro, Tanzania. Katika mikasa kama hii, mchunguzi hulazimika kwanza kuuliza ni nani wasioonekana nyumbani, kisha ndipo aulize ni nani aliye mbele yake.

Alikuwa Hai Moto Ulipomfikia?

Swali la pili ni la mfuatano wa matukio. Mtu aliyefia motoni na mtu aliyeuawa kwanza, kisha maiti yake ikatiwa moto, huweza kuonekana sawa kabisa kwa macho. Swali hili ni la kale. Kisa mashuhuri cha Uchina kinasimulia habari za hakimu Zhang Ju, aliyeishi katika karne ya 3. Mwanamke mmoja alidai kwamba mumewe alikufa nyumba ilipoungua. Hakimu aliagiza nguruwe wawili, mmoja akauawa na mwengine akaachwa hai, kisha wote wawili wakachomwa. Kinywani mwa yule aliyechomwa akiwa hai mlikutwa majivu. Kinywani mwa yule aliyekwisha kufa hamkuwa na kitu. Kinywa cha marehemu kilipochunguzwa, kilikuwa safi, na mwanamke akakiri. Kanuni hiyo iliingia katika kitabu cha Song Ci cha mwaka 1247, ambacho ni miongoni mwa vitabu vya kwanza duniani kuhusu uchunguzi wa vifo.

Kanuni ya Zhang Ju haijapitwa na wakati, imepanuliwa tu. Masizi yaliyo kinywani na puani pekee hayatoshi, kwani huweza kuingia yenyewe. Daktari huipasua njia ya hewa na kutazama chini ya zoloto, ndani ya koo la hewa na matawi yake mapafuni. Masizi yaliyochanganyika na ute mahali hapo yalivutwa na pumzi. Masizi yaliyo tumboni yalimezwa. Kuvuta pumzi na kumeza ni vitendo vya aliye hai.

Kipimo cha pili ni damu. Moto unaowaka bila hewa ya kutosha hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, ile ile inayowaua watu wanaolala na jiko la makaa katika chumba kilichofungwa. Gesi hii haina rangi wala harufu, na huishika himoglobini ya damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200. Damu iliyojaa gesi hii huwa nyekundu ya kung'aa. Kwa mtu mweusi wekundu huo huweza kutoonekana kwenye ngozi, hivyo hutafutwa katika midomo, chini ya kucha, katika misuli na viungo vya ndani. Maabara ndiyo hutoa kauli ya mwisho. Aghalabu kiwango kinachozidi asilimia 50 huchukuliwa kuwa kinatosha kuua, ingawa mtoto, mkongwe au mgonjwa wa moyo huweza kufa kwa kiwango cha chini ya hapo. Magodoro ya sponji yanapoungua huongeza sumu nyingine, sianidi. Katika mabweni, basi, wengi huzimia kwa moshi kabla ndimi za moto hazijawafikia.

Lakini kanuni hii haipaswi kugeuzwa kinyume pasipo uangalifu. Kuwepo kwa masizi na gesi hiyo huthibitisha kwamba mtu alipumua katika moshi. Kutokuwepo kwake hakuthibitishi kwamba alikuwa amekwisha kufa. Petroli inapolipuka mahali pa wazi, mtu huweza kufa kwa joto katika muda mfupi mno, kabla hajavuta moshi wa kutosha. Miili ya watu waliofia kando ya lori la mafuta huweza kuwa na kiasi kidogo tu cha gesi hiyo, na kamwe haimaanishi kwamba waliuawa kwa njia nyingine.

Majeraha Yanayoandikwa na Moto

Moto huharibu ushahidi, na vilevile hubuni ushahidi wa uongo. Mfano unaojulikana zaidi ni mkao wa maiti. Miili mingi iliyoungua hupatikana ikiwa imekunja viwiko na magoti, ngumi zikiwa mbele ya kifua kama za bondia ulingoni. Shahidi asiyejua husema kwamba marehemu alikuwa akipigana na mtu, au akijikinga. Ukweli ni kwamba joto huifanya misuli ijikaze na kufupika, na kwa kuwa misuli inayokunja viungo ina nguvu kuliko inayovinyosha, mwili hujikunja. Hali hii hutokea kwa aliyeungua akiwa hai na kwa aliyeungua akiwa maiti.

Ngozi iliyokauka kwa joto nayo hupasuka, na mpasuko wake huweza kufanana na jeraha la kisu. Mchunguzi hutazama kama kuna damu iliyovilia ndani ya tishu, na kama mishipa na neva zimekatika au zingali zimepita kutoka ukingo mmoja hadi mwengine. Mifupa huvunjika kwa joto bila kupigwa. Ndani ya fuvu la kichwa, damu huweza kuchemka na kujikusanya kati ya mfupa na utando wa ubongo, ikaonekana kama matokeo ya pigo la rungu. Damu iliyokusanywa na joto aghalabu huwa ya rangi ya hudhurungi, yenye vitundu vitundu kama sponji, na hupatikana mahali ambapo mfupa wenyewe umeungua. Ya pigo huwa na sura nyingine.

Kinyume chake pia hutokea: jeraha la kweli la risasi au panga hujificha chini ya ngozi iliyobabuka. Kwa hiyo maiti iliyoungua hupigwa eksirei kabla ya kupasuliwa, ili risasi au ncha ya kisu iliyosalia ndani ionekane. Anayeamua kwa macho tu huweza kumbuni muuaji asiyekuwepo, au kumwacha aliyekuwepo aende zake.

Moto Ulianzaje? Funzo la Texas

Baada ya maiti kusema, huja zamu ya nyumba. Kwa muda mrefu wachunguzi wa moto walirithishana ujuzi kwa mdomo, kila kizazi kikiamini alama alizofundishwa na waliomtangulia. Kioo cha dirisha kikiwa na nyufa nyingi kama utando wa buibui, walisema moto uliongezwa mafuta ukawa mkali ghafla. Madoa meusi yenye umbo la dimbwi sakafuni yalichukuliwa kuwa njia ya petroli iliyomwagwa. Maeneo mengi yaliyoungua sana yalichukuliwa kuwa mianzo mingi ya moto.

Alama hizo zilipelekwa mahakamani dhidi ya Cameron Todd Willingham. Tarehe 23 Desemba 1991 nyumba yake mjini Corsicana, jimbo la Texas nchini Marekani, iliungua, na binti zake watatu, pacha wenye umri wa mwaka mmoja na dada yao wa miaka miwili, walifariki. Yeye alitoka akiwa hai. Wachunguzi walitaja alama zinazozidi 20 za uchomaji wa makusudi. Mwaka 1992 alihukumiwa kifo, naye akashikilia hadi mwisho kwamba hakuwasha moto huo.

Wakati huo huo sayansi ilikuwa ikizipima alama hizo moja baada ya nyingine. Mwaka 1991, mjini Jacksonville, jimbo la Florida, mtu mmoja alikabiliwa na mashtaka ya kuwaua watu 6 kwa moto. Wachunguzi walipata nyumba jirani iliyofanana na ile iliyoungua, wakaweka samani za namna ile ile, kisha wakaiwasha bila mafuta yoyote. Walitarajia kuthibitisha kwamba mshtakiwa alisema uongo. Baada ya dakika chache, moshi wa joto uliojikusanya darini ulishusha joto kali mno hata vitu vyote chumbani, pamoja na zulia, vikashika moto kwa wakati mmoja. Moto ulipozimwa, sakafu ilikuwa na madoa yale yale yaliyodhaniwa kuwa ya petroli. Mashtaka yaliondolewa. Mwako huo wa chumba kizima, unaotokea joto la darini linapofikia nyuzi 600 hivi za selisiasi, hufuta tofauti kati ya moto wa ajali na moto wa kumwagiwa mafuta, kwa mtazamaji wa macho tu. Kuhusu vioo, uchunguzi uliofanywa baada ya moto wa milima ya Oakland, California, mwaka huo huo wa 1991, pamoja na majaribio ya maabara, ulionyesha kwamba nyufa za utando wa buibui husababishwa na kupozwa ghafla kwa kioo chenye joto, kama vile kwa maji ya wazimamoto. Mwaka 1992 shirika la Marekani la kuzuia moto, NFPA, lilitoa mwongozo wake wa kwanza wa uchunguzi, nambari 921, uliodai kwamba kila dhana ijaribiwe kisayansi.

Mapema mwaka 2004, mwanasayansi Gerald Hurst aliandika ripoti iliyozikosoa alama zilizomhukumu Willingham. Ripoti ilifikishwa kwa wenye mamlaka siku chache kabla ya tarehe ya hukumu kutekelezwa. Haikubadilisha lolote. Willingham aliuawa kwa sindano ya sumu tarehe 17 Februari 2004. Mwezi wa Oktoba mwaka huo huo, katika jimbo hilo hilo, Ernest Willis, aliyehukumiwa kifo kwa ushahidi wa namna hiyo hiyo, aliachiliwa huru baada ya miaka 17 ya kungoja kuuawa. Mwaka 2009 mtaalamu Craig Beyler, aliyeajiriwa na tume ya jimbo hilo ya sayansi ya uchunguzi wa jinai, alihitimisha kwamba madai ya uchomaji wa makusudi katika kesi ya Willingham hayakuwa na msingi wa kisayansi. Nyumba ile iliungua. Hakuna aliyethibitisha kwamba ilichomwa. Tofauti ya vitenzi hivyo viwili ilimgharimu mtu uhai wake.

Lisieleweke hapa kwamba uchomaji wa makusudi hauwezi kuthibitishwa. Mabaki ya petroli hunaswa katika zulia, mbao na nguo, hususan zile zilizokuwa chini ya mwili ambako moto haukufika. Sampuli huwekwa katika mikebe au chupa zisizopitisha hewa, kwani mvuke wa petroli hupenya mifuko ya kawaida ya plastiki, kisha hutenganishwa maabarani kwa kromatografia ya gesi. Sampuli isiyohifadhiwa vizuri, au ambayo haijulikani imepitia mikononi mwa nani, haina thamani mahakamani. Umati unaokanyaga jivu kabla ya picha kupigwa, hata ukiwa na nia njema ya kuokoa, huweza kuufuta ushahidi ambao moto wenyewe ulikuwa umeusaza.

Kilichowasha na Kilichoua

Kenya ina sababu ya kuyazingatia haya. Mnamo Machi 1998, zaidi ya wasichana 20 walifariki bweni la shule ya Bombolulu, pwani ya Kenya, lilipoungua. Mnamo Machi 2001, wavulana 67 walifariki katika bweni la shule ya Kyanguli, Machakos. Wengi wao hawakuweza kutambulika, wakazikwa pamoja katika ardhi ya shule. Wazazi waliowapeleka watoto shuleni kila mmoja kwa jina lake walirudi kulilia kaburi moja.

Mjadala wa umma baada ya mikasa kama hiyo hutawaliwa na swali la ni nani aliyewasha. Ni swali la haki, lakini uchunguzi kamili huuliza na la pili: kwa nini waliokuwa ndani hawakutoka? Huko Kyanguli, mlango mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na vyuma. Mahali ambapo miili hupatikana ni ushahidi. Mwili ulio kitandani, wenye masizi mapafuni na gesi nyingi damuni, huweza kuashiria mtu aliyelemewa na moshi usingizini. Miili iliyorundikana nyuma ya mlango hueleza mambo mengine: walioamka, waliojua njia na walioikuta imefungwa. Kiberiti huweza kuwa kimewashwa na mkono mmoja, ilhali kifo kimesababishwa na kufuli iliyowekwa na mkono mwengine. Mchunguzi anayetofautisha kilichowasha na kilichoua ndiye anayewasaidia walio hai. Mwongozo wa viwango vya usalama shuleni uliotolewa na Wizara ya Elimu mwaka 2008 ulitaka madirisha ya mabweni yasiwe na vyuma na milango ifungukie nje. Kila sharti kati ya hayo linarejelea njia ya kutokea ambayo watu huikosa motoni.

Hatua za kuimarisha uchunguzi zimepigwa. Bunge lilipitisha sheria ya huduma ya kitaifa ya uchunguzi wa vifo mwaka 2017, na maabara ya kitaifa ya uchunguzi wa jinai ya Idara ya Upelelezi ilizinduliwa rasmi mwaka 2022. Lakini maabara hufanya kazi na kile inacholetewa. Ubora wa majibu yake huanzia katika lile jivu, kwa yule afisa wa kwanza kufika.

Lugha ya Ushahidi

Swali huweza kuzuka: mwanafunzi wa Kiswahili ana nafasi gani katika haya yote? Nafasi yake ni kubwa, kwani ushahidi wa moto huanza kwa maneno. Jirani anapopiga simu, shahidi anapoandikisha taarifa, mwanahabari anapotunga kichwa cha habari, kila mmoja huchagua kitenzi. Shahidi aliyesema "niliona nyumba ikiwaka" hakusema kwamba iliwashwa. Taarifa yake inapotafsiriwa kwa Kiingereza, lugha ambayo umbo moja huweza kubeba maana ya kuungua na ya kuchomwa pia, mtafsiri asiye makini huacha mwanya. Tafsiri hiyo inaposomwa tena kwa Kiswahili mbele ya hakimu, "iliungua" huweza kurudi ikiwa "ilichomwa", na mshukiwa akazaliwa kutokana na sarufi. Vivyo hivyo, "alifia motoni" hutaja mahali tu; "alikufa kwa moto" hutaja sababu; "aliuawa kwa moto" hudokeza mtu.

Kiswahili hakina uhaba wa msamiati wa kuanzia. Masizi, makaa, jivu, cheche, ndimi za moto, kubabuka, malengelenge na kuteketea ni maneno yaliyo tayari, na kila moja lina mpaka wake wa maana. Kinachohitajika ni wanaisimu na wanasayansi kukaa pamoja na kuyasanifisha, na kubuni mengine kwa dhana kama vile ule mwako wa chumba kizima. Istilahi hizo zikipatikana, ripoti ya daktari itaweza kusomwa na mzazi wa marehemu katika lugha anayoielewa, na mkalimani wa mahakama hatalazimika kubuni neno akiwa kizimbani.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba moto hauuli ushahidi wote. Huacha masizi katika njia ya hewa, gesi katika damu, rangi katika mfupa, petroli chini ya mwili na mpangilio wa miili mbele ya mlango. Pia huacha ngumi zisizopigana, majeraha yasiyo ya kisu na madoa yasiyo ya petroli. Tofauti kati ya makundi haya mawili haigunduliwi kwa uzoefu pekee wala kwa hasira ya umma, bali kwa kujaribu kila dhana, kama alivyofanya Zhang Ju na nguruwe wake na wachunguzi wa Jacksonville na nyumba yao.

Waliofiwa wana haki ya kujua ni nani waliyemzika, alikufaje, na ni nini au ni nani aliyesababisha. Hadi maswali hayo yajibiwe kwa ushahidi, mwandishi wa habari, polisi, mkalimani na mwanafunzi wa lugha wote wana wajibu mmoja mwepisi kuutaja na mgumu kuutimiza: kusema kwamba nyumba iliungua, na kungoja.